Mackenzie Hakuota Msituni

Wasee, wacha niseme hii mara moja, halafu mtanitukana mkimaliza kusoma.

Kila nikitoa video kuhusu mhubiri yeyote, komenti huja kwa mpangilio uleule. Ya kwanza: "Unagawanya kanisa." Ya pili: "Usimguse mtumishi wa Mungu, utaona cha mtema kuni." Ya tatu, na hii huwa inanichekesha: "Mtu aliacha chuo, atatufunza nini kuhusu Mungu?" Sawa. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Lakini kuhesabu makaburi hakuhitaji digrii.

Na makaburi ya Shakahola tuliyahesabu sote, kwa simu zetu, kila jioni, tangu Aprili 2023. Kumi. Hamsini. Mia. Hesabu ikaendelea mpaka miili ikapita 400.

Kwa hivyo leo tuongee kuhusu hilo neno mnalonirushia, kugawanya. Nani hasa hugawanya kanisa? Yule anayeuliza swali, ama yule anayekataza lisiulizwe?

Tuanzie Malindi. Paul Nthenge Mackenzie hakuota msituni kama uyoga. Alikuwa dereva wa teksi mjini, watu wanamjua. Mwaka 2003 akaanzisha kanisa lake, Good News International. Halikuwa pangoni. Lilikuwa kanisa la mjini, lenye waumini wa kawaida, na mahubiri yake yalikuwa kwa TV na YouTube, yeyote angeweza kuyatazama. Akaanza kusema shule ni ya shetani. Akasema hospitali ni kukosa imani. Mwaka 2017 akafikishwa kortini kwa mambo ya watoto waliotolewa shule. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, naye akahamia msitu wa Shakahola, ndani ndani Kilifi, na watu wakamfuata huko. Machi 2023 akakamatwa kwa sababu ya watoto wawili waliodaiwa kufa njaa. Akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata polisi wakaingia msituni, wakapata watu wamebaki mifupa, wengine wamekataa hata maji. Halafu wakaanza kuchimba.

Angalia hiyo miaka tena. 2017 mpaka 2023. Hiyo ni miaka sita ya dalili zilizokuwa wazi, hadi kwa runinga. Hakuna mtu anaweza kuniambia ati ilikuwa siri.

Mpasuaji mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, alipopasua ile miili alisema wengi walikufa njaa, lakini kuna walionyongwa na waliozibwa pumzi. Mwaka 2024 Mackenzie na wenzake walifikishwa kortini kwa mashtaka mengi, ikiwemo mauaji ya watoto 191. Walikana yote. Hukumu tuiachie korti, hiyo ni kazi yake. Mimi nataka kuuliza kitu ambacho korti haitauliza, nacho ni hiki: kanisa la Kenya lilikuwa wapi?

Ju mnakumbuka jibu lilikuja haraka sana. Kila askofu aliyewekewa maikrofoni mbele alisema kitu kimoja: "Yule si mmoja wetu. Hiyo ni kalti." Wakaosha mikono, tukasonga.

Na hapo ndipo mimi nakataa. Ni rahisi kusema Mackenzie ni jini aliyetoka Bahari ya Hindi. Lakini wale watu walioenda Shakahola hawakutoka mwezini. Walitoka Pwani, Magharibi, Nairobi. Walikuwa waumini wa makanisa mengine kabla ya kuwa wake. Kuna waliosoma, kuna waliokuwa na kazi na mshahara. Mtu hafiki msituni akiwa tayari kumnyima mtoto wake chakula kwa siku moja tu. Kuna mahali alifundishwa hatua ya kwanza. Alifundishwa kwamba mhubiri haulizwi. Alifundishwa kwamba shaka ni dhambi. Alifundishwa kwamba ndugu yako akikuonya kuhusu pasta, huyo ndugu ametumwa na adui. Na hayo masomo, wacha tuambiane ukweli, hayafundishwi Shakahola pekee. Yanafundishwa hapa mtaani, kwa mabati na kwa jumba la ghorofa, Jumapili saa nne.

Sisemi kila pasta ni Mackenzie. Usinilishe maneno. Nawajua wachungaji wanaopanda matatu kama mimi na wewe, wanaozika watu wasio na kitu na hawaombi hata nauli. Nchi hii ingekuwa pabaya bila wao. Nasema tu kwamba mbinu ambazo zilimfanya Mackenzie asiguswe ndizo zinafanya pasta wako asiulizwe. Tofauti ni umbali ambao kila mmoja ameamua kwenda nazo.

Sasa turudi kwa mgawanyiko. Mnasema mimi nagawanya. Kuna wanaume walirudi nyumbani wakapata mke na watoto wamehama, simu imezimwa. Kuna shosho waliokuwa wanatumiwa pesa ya dawa kila mwezi, na mwezi mmoja ikakatika tu, mtoto ameuza kila kitu ameenda "kumsubiri Bwana". Kuna ndugu waliosimama pale mochari ya Malindi wakitoa mate na damu ili DNA iwaambie ni mfuko gani una dada yao. Huo ndio mgawanyiko. Na haukuletwa na mtu wa TikTok. Uliletwa na mtu aliyesimama madhabahuni.

Tena wale waliojaribu kuongea mapema ndio walioitwa wabaya. Jamaa wanaotafuta watu wao wakaambiwa wanapiga vita imani. Mwanamke anayekataa kumtoa mtoto shule akaambiwa ana roho ya ukaidi. Hebu jiulize, kama wangesikizwa mwaka 2017, tungekuwa na watoto wangapi leo wanasoma darasa la nne?

Na usidhani tulijifunza. Mwaka 2025, kaunti ileile ya Kilifi, mahali panaitwa Kwa Binzaro, wachunguzi walichimba tena. Wakatoa miili zaidi ya 30. Miaka miwili baada ya Shakahola, na si mbali na Shakahola. Safari hii hata hatukuhesabu. Ilivuma wiki moja, halafu tukarudi kwa stori zetu.

Wengi wenu mko na miaka kumi na tisa, ishirini, kwa hivyo wacha niwarudishe nyuma kidogo. Novemba 2014 runinga ya KTN ilipeperusha uchunguzi kuhusu mhubiri Victor Kanyari. Ilionyesha maji ya kuosha miguu yakigeuka mekundu kama damu, na kumbe ni ile kemikali ya zambarau ambayo kila mtu aliyepita maabara ya sekondari anaijua. Ilionyesha waumini wakiombwa mbegu ya shilingi 310. Nchi ikawaka. Serikali ikaamka, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, akaleta kanuni za kusimamia mashirika ya dini: wahubiri wawe na masomo ya theolojia, makanisa yajisajili upya, kujulikane nani anaongoza nini.

Unajua nini kilifanyika? Viongozi wa dini walipiga kelele mpaka Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza zile kanuni zirudishwe, watu waongee kwanza. Tukaongea. Tukaongea sana. Na tulipokuwa bado tunaongea, watu wakahamia Shakahola.

Mimi mwenyewe sikupenda kila kitu kwa zile kanuni. Serikali ikianza kuamua nani amehubiri vizuri, kesho itaamua nani ameikosoa vizuri. Katiba kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu, na mimi nakitaka hicho kifungu kikae hapo. Lakini ukikataa serikali isikuchunguze, lazima useme ni nani atakuchunguza. Hapo ndipo makanisa yaliingia mitini. Walikataa polisi wa nje, na polisi wa ndani hawakuajiri. Baada ya Shakahola, Rais Ruto akaunda jopokazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, ripoti ikatolewa Julai 2024, na kelele zikaanza upya, wimbo uleule, kwaya ileile.

"Lakini Biblia imesema tusiwaguse watumishi." Haya, tufungue hiyo Biblia. Na niambie kama uliwahi kufunguliwa hapo pote, ama ulipewa mstari mmoja tu kama peremende.

Hilo onyo liko Zaburi ya 105. Soma kuanzia juu. Linaongea kuhusu Abrahamu, Isaka na Yakobo wakati walikuwa wachache, wageni, wanahamahama kutoka nchi hadi nchi bila pa kukaa. Na wanaoonywa ni akina nani? Wafalme! Mungu anawaambia wenye nguvu wasiwadhulumu wasio na nguvu. Sasa mtu mwenye walinzi wanne na gari la vioo vyeusi anauchukua huo mstari, anaugeuza, anamwelekezea mama anayeuza mboga ambaye ameuliza tu pesa ya mfuko wa ujenzi ilienda wapi. Kwa hiyo zaburi, buda, mama mboga ndiye Abrahamu. Wewe ndiwe mfalme.

Twende mbele. Daudi alikuwa ametiwa mafuta kweli kweli, na Samweli mwenyewe. Alipochukua mke wa Uria na kumuua mwenye mke, nabii Nathani hakuenda kunyamaza ati anahofia kugawanya Israeli. Aliingia ikulu akamwambia usoni. Petro alipoanza unafiki kule Antiokia, Paulo alimkosoa mbele ya watu wote, si inboksi. Na watu wa Beroya, kwa Matendo 17, walimsikiliza Paulo mchana halafu wakaenda kuangalia maandiko kama anayosema ni kweli. Hawakuitwa waasi. Walisifiwa! Hata pesa: Wakorintho wa Pili, sura ya 8, Paulo anatuma mchango wa waumini pamoja na ndugu wengine wanaoaminika na makanisa, ili mtu asije akasema kitu kuhusu hizo pesa. Mtume mzima alitaka mashahidi kwa sadaka. Wa kwako ana nambari ya till kwa jina la bibi yake.

Kwa hivyo anayeuliza ndiye anafuata hicho kitabu. Anayekataza maswali ndiye ameanzisha dini mpya, ameipa tu jina la zamani.

Na pesa ndipo mambo huchemka zaidi, tusidanganyane. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana hawakuishia barabarani. Waliyageukia makanisa pia, wakauliza mbona wanasiasa wanapewa maikrofoni na mabunda yanapokewa huku watu wanalia. Novemba mwaka huo Rais alitoa pesa kwa kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema hapana, pesa zirudishwe. Zirudishwe! Mwaka 2021 pale Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alikuwa ameshawaambia wanasiasa mimbari si jukwaa lao. Kanisa halikupasuka. Paa la Katoliki bado liko, na Anglikana bado wanaimba.

Halafu Machi 2025 ikaja Roysambu. Rais akatoa milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner, akaahidi kusaidia kuchanga milioni 100 zaidi. Jumapili iliyofuata vijana walienda kuuliza. Walikutana na vitoza machozi, na Thika Road ikawaka matairi. Ndani watu wanasifu, nje watoto wao wanakohoa. Sisemi hilo kanisa lilivunja sheria yoyote, na Roysambu si Shakahola. Nauliza tu, hapo nani aligawanya? Askofu mmoja aliulizwa kuhusu pesa akazirudisha, na waumini wakatulia. Kwingine swali lilelile likajibiwa na polisi.

Sasa wacha niwageukie wenzangu, ju hii posti si ya maaskofu pekee. Kuna watu wa kontenti wanaokata klipu ya pasta sekunde kumi, wanaweka kicheko, wanalala na views. Huo si ujasiri. Pasta akikosea jina la kitabu cha Biblia, hiyo si kashfa. Mke wa pasta amevaa nini, hiyo si kashfa. Na kumcheka mama aliyetoa mbegu ya 310 ni uonevu, ju yule mama alikuwa na mtoto mgonjwa na hospitali ilikuwa imemwambia alete pesa kwanza. Watu hawaendi kwa wahubiri wa miujiza kwa sababu ni wajinga. Wanaenda kwa sababu huko angalau kuna mtu anawashika mkono. Ukimcheka yeye unamwacha tajiri wa madhabahu akitabasamu, na unamsukuma yule mama karibu naye zaidi. Muulize mhubiri, si muumini.

Na wale wanaosema suluhisho ni kutoka kanisani tu, kila mtu akae nyumbani na Mungu wake: nawaelewa, lakini sikubali. Mathe yangu ana chama chake pale, alizikiwa mamake na wale watu, walilala kwetu siku nne wakipika na kukesha. Huwezi kumwambia mtu kama huyo ahame kama anabadilisha laini ya simu. Kanisa ni la waumini. Ukiona nyumba inavuja unapanda juu ya paa, huwaachii panya.

Najua pia bei ya kuuliza. Kwa kanisa moja hapa Eastlands, sitalitaja, dada mmoja wa kikundi chetu cha vijana aliomba tu tuonyeshwe hesabu ya mchango wa vyombo vya muziki. Aliandika kwa adabu, na "Bwana asifiwe" mwanzo na mwisho. Ndani ya dakika ishirini akatolewa kwa grupu ya WhatsApp. Jumapili mahubiri yakawa kuhusu roho ya Absalomu. Vyombo hatujaviona mpaka leo. Lakini waumini karibu mia mbili waliona amefanyiwa nini kwa swali la mstari mmoja, na wakajifunza kunyamaza. Hivyo ndivyo inafanyika. Kabla mtu hajanyamazishwa kuhusu mtoto anayekufa njaa, hunyamazishwa kwanza kuhusu gitaa.

Kwa hivyo msiniletee stori ya umoja. Umoja wa watu wanaoogopa kuongea, hata Shakahola ulikuwepo. Walikuwa wameungana sana kule.

Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji sheria mpya. Hesabu za sadaka zisomwe mbele ya waumini, na zikaguliwe na mtu ambaye si shemeji ya pasta. Mchungaji awe na watu juu yake wanaoweza kumsimamisha kazi, na waumini wajue majina yao. Mgonjwa aombewe na apelekwe hospitali, siku hiyohiyo. Mtoto asitolewe shule na asinyimwe chakula kwa unabii wa mtu yeyote, ju kifungu cha 53 cha Katiba kinamlinda hata kama mzazi wake ameamini vingine. Na mtu akiuliza, ajibiwe kwa maneno, si kwa laana.

Kanisa lako likiwa na hayo yote, shukuru Mungu na utoe sadaka kwa roho safi, nami nitakupigia makofi.

Kama hujui kama linayo, Jumapili hii uliza. Moja tu, kwa adabu: "Pasta, hesabu za mwaka uliopita tunaweza kuzionea wapi?" Usipige kelele, usirekodi, usiende na mbogi. Uliza halafu usikilize.

Ukijibiwa, uko nyumbani. Wakikutoa kwa grupu, hilo pia ni jibu.